Doppler: Mtoto wa mchonga mawe aliyetuachia kipimo cha mwendo

WAKAZI wa Kigali wanapotahadharishwa kuhusu mvua kubwa, mojawapo ya vyombo vinavyotegemewa ni rada ya Maranyundo, wilayani Bugesera, kusini mwa jiji. Rada hiyo hutambua mwendo wa matone kwa kanuni ya mtu aliyefariki dunia mwaka 1853, Christian Doppler.

Doppler alizaliwa Novemba 29, 1803, mjini Salzburg, ambao leo uko Austria. Ukoo wake ulikuwa wa wachonga mawe, lakini afya dhaifu ilimzuia kurithi kazi hiyo, akapelekwa shule. Ajira ikawa taabu kuipata. Mwaka 1835 alikwisha kuuza vitu vyake ahamie Marekani, ndipo akapata nafasi ya kufundisha Prague.

Huko, Mei 25, 1842, alieleza kuwa mawimbi ya mwanga au sauti husongamana chanzo chake kinapokaribia na hutanuka kinapokwenda mbali. Ndiyo maana mlio wa honi hushuka gari likishatupita. Mwaka 1845, Mholanzi Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na mlio ukabadilika kama Doppler alivyosema.

Hata hivyo, alikosea kudhani rangi za nyota hutokana na mwendo wake. Mwaka 1852 mwanahisabati Petzval aliipinga vikali nadharia nzima jijini Vienna, ambako Doppler alikuwa akiongoza taasisi ya fizikia tangu 1850. Ugonjwa wa mapafu ukamzidi. Alifariki Machi 17, 1853, mjini Venice, akiwa na miaka 49.

Leza ilipopatikana mwaka 1960, kanuni yake ilipata kazi mpya. Mwaka 1964, Yeh na Cummins walipima kwa leza mwendo wa maji. Baadaye ikawa zamu ya gesi zinazowaka kwa kasi kubwa, kama zile za injini za ndege na roketi.

Kipimo cha chuma kikiingizwa humo huweza kuungua, tena huvuruga mkondo. Badala yake, chembe ndogo mno zinazostahimili moto huchanganywa na gesi, zikamulikwa, na mwanga unaorudi hueleza kasi yake. Chembe zikiwa kubwa hubaki nyuma ya gesi, na vipimo hupotosha.

Anayebuni injini huhitaji namba hizo, kwani gesi ikipita haraka mno moto huzimika. Namba hizo hupatikana kwa kanuni iliyopingwa Vienna mwaka mmoja tu kabla ya mwenyewe kuzikwa.