Sheikh Al-Amin Mazrui, Kadhi Aliyeshika Kalamu

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Lodwar au Kakuma, ukisikia kesi ya talaka au mirathi imekwenda kwa kadhi, mkumbuke mzee huyu wa Mombasa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (Allah amrehemu) alizaliwa mwaka 1891. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Baadaye akavuka hadi Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1930 alitoa gazeti dogo, Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Wakati huo ilimu ya dini ilikuwa imefungwa ndani ya vitabu vya Kiarabu, yeye akaiandika kwa Kiswahili ili hata muuza samaki aipate. Humo aliwakemea Waislamu wenzake waziwazi: bidaa, kuiga Wazungu ovyo, kuwanyima watoto wa kike elimu. Wapo waliochukia, tena wengine wenye vilemba! Hebu fikiria: leo unawaudhi watu wa mji wako, kesho haohao wamesimama mbele yako na kesi zao. Maana mwaka huohuo wa 1932 alikuwa Kadhi wa Mombasa, na 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Alifariki Aprili 1947, bado akiwa kitini. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akaja kukikalia kiti hichohicho. Na mwanawe, kijana wa miaka 14 siku ya msiba, ndiye yule Profesa Ali Mazrui.