Marehemu Mzee Hukwe Zawose na Marimba ya Wagogo

Muhula uliopita, katika yale majuma mawili ya ukungu ambapo mlima wa Magamba haukuonekana tangu asubuhi hata jioni, shule yetu ilipata mgeni. Alikuwa fundi wa ngoma na marimba aliyesoma Bagamoyo, naye alikuja kutufundisha kuunda vyombo vya muziki kwa mikono yetu wenyewe na kuvipiga. Mhariri aliniagiza niandike habari za mgeni huyo, walakini mgeni mwenyewe hakutaka kuandikwa. Alisema kwamba yeye ni mpita njia tu, na kama nina wino wa kutumia basi niutumie kwa marehemu Mzee Hukwe Zawose. Nami natii, kwa kuwa mkubwa akinena mdogo hufuata.

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, nchi ya Ugogo, mkoa wa Dodoma. Nchi ile si kama hii yetu ya Usambaa. Sisi tumezoea migomba, mapeasi, na maji yashukayo mabondeni mwaka mzima. Huko ni nchi kavu yenye mibuyu na miiba, na mvua yake ni chache. Wagogo ni wakulima, tena ni wafugaji hodari. Zawose alipokuwa mtoto alichunga ng'ombe wa baba yake, na mwalimu wake wa kwanza wa muziki alikuwa baba yake huyo huyo. Mtoto aliyechunga ng'ombe peke yake porini anayo nafasi ya kuimba kwa sauti kubwa bila ya kuchekwa na mtu. Labda ndiyo sababu sauti yake ilikuja kuwa ya ajabu: aliweza kuishusha mpaka ikanguruma, kisha akaipandisha mpaka ikawa nyembamba kama ya mtoto, na yote katika wimbo mmoja.

Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuwa anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za babu zao. Mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Katika miaka hiyo ya 1960 Mwalimu alisikia habari za mpiga marimba wa Ugogo, akamwita Dar es Salaam. Hivyo mchungaji wa Doduma akatoka kwao na zeze lake na marimba yake, akaenda kuishi mjini, kupiga mbele ya viongozi na wageni wa nchi mbalimbali. Mwaka 1981 Serikali ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Zawose akawa mwalimu pale. Jamaa zake wengi walimfuata pwani, na nyumba yao ikawa kama shule ya pili.

Sasa sharti niseme habari za chombo chenyewe, maana wengi wetu tulidhani marimba ni mchezo wa watoto. Wagogo huita ilimba. Ni sanduku la mbao lenye tundu, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa, navyo hubonyezwa na vidole gumba. Vyuma vingine havipigwi kabisa! Huwekwa tu, na vile vinavyopigwa vikitetema, hivi navyo huitikia vyenyewe. Tena katika tundu hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, ili sauti ivume kama nyuki. Zawose alikuza marimba yake kupita zile za wazee wake, akazidisha vyuma. Na zeze pia, ambalo la kawaida huwa na nyuzi mbili tu, yeye aliliongezea nyuzi nyingi.

Sisi huku tulitumia mabaki ya mbao za karakana, na kwa vyuma tulitumia misumari mirefu na vyuma vya miavuli mibovu. Fundi alituonyesha kuvifua juu ya kipande cha reli mpaka ncha ikawa bapa. Ukitaka sauti ipande, wakifupisha chuma. Ukitaka ishuke, wakirefusha. Kazi ni rahisi kwa maneno. Nilijiumiza kidole gumba mara tatu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka marimba yangu ifanane na kinanda cha shule, basi jioni moja nilikwenda peke yangu nikalinganisha kila chuma na kinanda, nikafurahi. Kesho yake fundi aliipiga kidogo, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nilichukizwa sana, nikaenda kumwuliza mwalimu wetu wa Fizikia nani ana haki. Mwalimu hakunijibu kwa maneno mengi. Aliandika ubaoni 4, 5, 6, 7, 8, 9. Sauti za Wagogo hufuata hesabu hiyo, ambayo ni hesabu ya sauti za asili zinazopatikana katika uzi mmoja ukitetema. Kama sauti ya kwanza hutetema mara 200 kwa sekunde, zinazofuata ni 250, 300, 350, 400 na 450. Katika kinanda hakuna sauti ya 350. Iliyo karibu nayo ni kama 356, nayo ni kali zaidi. Basi kumbe ni kinanda kilichopindishwa kidogo ili nyimbo za kila namna zipigike juu yake, na mchunga ng'ombe hakuwa amekosea hata kidogo. Nikatoa vyuma vyangu vyote nikaanza upya.

Siku ya wazazi baba yangu alifika kutoka Soni amebeba mwavuli mbovu niliouomba kwa barua. Aliuweka mezani, akaniuliza kama marimba imo katika mtihani wa Kidato cha Nne. Nilikuwa sina jawabu, kwa kuwa hisabati yangu muhula ule haikuwa nzuri, naye alikuwa ameiona. Nikampigia kile nilichokijua. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Kisha akasema kwamba sauti hiyo aliijua: alipokuwa kijana aliisikia katika Redio Tanzania, na hakujua kamwe ni ya nani. Nikamwambia ni ya Mzee Zawose. Hakusema zaidi juu ya marimba, wala juu ya hisabati hakusahau.

Zawose alifika mbali. Alipiga katika maonyesho ya WOMAD, na santuri yake iitwayo Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996. Mwaka 2002 ikatoka nyingine, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki tarehe 30 Desemba, 2003. Mwaka uliofuata akafariki mpwa wake Charles, aliyekuwa akipiga naye siku zote. Fundi alipotusimulia jambo hilo alinyamaza kitambo, nasi tukaacha kugonga nyundo. Elimu ile haikuandikwa vitabuni. Ilikuwa katika vidole vya watu wawili, na katika miezi michache wote wakawa hawapo.

Lakini haikufa. Mwanawe Msafiri hupiga hata leo. Tena liko jambo lililowapendeza wasichana wa shule yetu kuliko yote. Kwa desturi ya Wagogo wanawake hupiga ngoma za muheme na kuimba, na marimba ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao wenyewe iitwayo Maisha. Tangu tuliposikia hayo, wasichana wawili wa Kidato cha Pili hawaachi marimba kwa zamu.

Fundi aliteremka Mombo kwa basi la alfajiri, akatuachia marimba kumi na moja na tupa moja. Yangu haijavuma bado. Utando wa buibui niliupata nyuma ya maabara, nikaubandika kwa uangalifu mwingi, na ukungu wa usiku ukaulegeza mpaka ukapasuka. Nangoja kiangazi.