Aliyefeli Kuliko Mimi

Wanachuo wenzangu, mwaka jana, usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu, nilikaa chumbani nikinakili kanuni kwenye kikaratasi cha kuficha ndani ya mkono wa shati. Sikuwa mvivu, nilisoma sana tu. Tatizo ni kwamba sikujiamini. Kabla sijasema kikaratasi kiliishia wapi, niwape habari za kijana aliyefeli kuliko mimi.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, kusini mwa India, mwaka 1887. Baba yake alikuwa karani wa duka la nguo. Mwaka 1904 aliingia chuo cha serikali Kumbakonam kwa ufadhili, lakini akili yote aliiweka kwenye hesabu, masomo mengine akayatupa. Ufadhili ukakatwa. Akahamia chuo kingine, Madras. Mwaka 1906 akafanya mtihani, akafeli. Mwaka 1907 akarudia, akafeli tena. Kwa lugha yetu ya hosteli, jamaa alidisko.

Digrii hana, kazi hana. Alichobaki nacho ni madaftari yaliyojaa kanuni alizozitafuta mwenyewe. Mwaka 1912 akapata ukarani bandarini Madras, kwa rupia 30 kwa mwezi. Januari 1913 akamwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, ingawa wasomi wengine wa huko walishampuuza. Hardy na mwenzake Littlewood wakazipitia karatasi zile. Baadhi ya kanuni zilishajulikana Ulaya zamani, nyingine zilikuwa na makosa, lakini nyingine hawakuwahi kuziona popote. Wakajua huyu si mbabaishaji.

Mwaka 1914 akafika Cambridge, 1916 akapata digrii, 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Alifariki mwaka 1920, akiwa na miaka 32 tu.

Mimi si Ramanujan, na wala sisemi kufeli ni sifa. Ninachokiona ni kwamba hata makosa yake yalikuwa ya kwake, ndiyo maana Hardy aliweza kumjua ni nani. Anayeangalizia, akisahihishiwa, anasahihishiwa mtu mwingine.

Kikaratasi nilikichana alfajiri. Mtihani ukanishinda, nikapata sapu. Likizo nikarudi kurudia, wenzangu wako makwao. Nikapata C. Ni ndogo, najua, lakini ukiniita ubaoni leo, nitaitetea.