PAPA SIMON KIMBANGU, MTU ALIYETAFUTWA NA SERIKALI



Tukisikia kwamba mtu anatafutwa na Serikali, mara moja tunafikiri ameiba ao ameua. Lakini Daudi alimkimbia Sauli, na Eliya alimkimbia Yezebeli. Tukumbuke basi maisha ya Papa Simon Kimbangu.

Alikuwa mtu wa Nkamba, katika Kongo ya Chini, na alibatizwa mwaka 1915 katika misioni ya Wabatisti. Tarehe 6 Aprili 1921 alianza kazi ya kuhubiri na kuombea wagonjwa. Waamini wanashuhudia kwamba wengi walipona. Watu wakaacha kazi za wazungu, wakaenda Nkamba makundi makundi. Bula Matari akaogopa.

Tarehe 6 Juni, Léon Morel, mkubwa wa Serikali, alikuja na askari kumkamata. Bunduki zikalia, watu wakatawanyika, naye Papa akaponyoka. Zaidi ya miezi mitatu alifichwa vijijini. Hakuchukua silaha. Aliendelea kuomba na waamini kwa siri.

Tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa mapenzi yake mwenyewe, akakamatwa. Hakuacha watu wapigane juu yake. Alikimbia kusudi kazi iendelee. Saa yake ilipofika, hakukimbia tena.

Huko Thysville baraza la askari lilimhukumu bila wakili. Tarehe 3 Oktoba alipewa viboko 120 na hukumu ya kufa. Mfalme Albert aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa mbali, Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Mama Muilu akabaki na watoto watatu, akichunga waamini kwa siri. Papa alikufa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30. Mwaka 2011 korti kuu ya kijeshi ya Kongo ilifuta hukumu ile ya 1921. Sheria ya wanadamu ilichelewa miaka 90 kutambua kosa lake.

Ndugu, tusijidanganye. Mwenye kukimbia deni lake, ao kukimbia mtoto aliyemzaa, asijifananishe na Papa. Kila mmoja ajiulize: mimi ninakimbia nini? Na siku ya kurudi, nitasimama mbele ya watu na mikono safi?

Bwana awabariki.