Tolkien na chuki isiyoweza kuumba

Vijana wetu wengi wameona filamu za The Lord of the Rings. Ni wachache wanaojua kwamba aliyeandika hadithi hiyo alikuwa Mkristo, tena mtu aliyeona vita kwa macho yake.

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 kule Bloemfontein, katika inchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Baba yake alikufa mwaka 1896. Mama yake aliingia Kanisa Katolika mwaka 1900, jamaa zake wakamkatia msaada, naye akafa mwaka 1904. Padri mmoja ndiye aliyewasimamia yatima wake wawili. Hata sisi Waprotestanti tunaweza kukubali kwamba imani ya mama huyo ilimgharimu, na mtoto hakuisahau.

Mwaka 1916, miezi michache baada ya kumuoa Edith, alipelekwa Ufaransa, kwenye mapigano ya Somme. Chawa wa mahandaki walimwambukiza homa, akarudishwa Uingereza mwezi wa Novemba. Kati ya rafiki zake watatu wa karibu wa shule, wawili waliuawa vitani. Akiwa bado mgonjwa alianza kuandika hadithi za ulimwengu wake, na humo akamweka Melkor.

Mtu anaweza kudhani kwamba Melkor ni mungu wa chuki anayeshindana na Mungu wa upendo, wote wawili wakiwa sawa. Sivyo hata kidogo. Katika hadithi hizo Mungu ni mmoja, jina lake Eru. Aliumba roho nyingi, akaziimbisha wimbo mmoja. Melkor, mwenye nguvu kuliko zote, alitaka wimbo wake peke yake. Alitafuta moto wa uzima gizani asiupate, kwa sababu ulikuwa kwa Eru. Basi akachukia kila kilichokuwa na nia isiyo yake. Hawezi kuumba kitu. Anaharibu tu vya wengine. Na kila alipomwaga nguvu zake duniani ili aitawale, yeye mwenyewe alipungua, hata akawa mfalme mwenye hofu, anayejificha ndani ya ngome yake. Kwa maoni yangu, hapa Tolkien aliona mbali kuliko wahubiri wengi wanaompa Shetani ukubwa asio nao.

Hakuyaacha mawazo haya kwenye karatasi. Mwaka 1944, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, gazeti moja lilitaka Wajerumani wote wamalizwe. Tolkien, aliyekuwa na mwana wake Christopher katika jeshi la anga, alimwandikia kwamba Waingereza hawana haki hiyo, kama vile Wajerumani hawakuwa na haki ya kuwahukumu Wapolandi na Wayahudi kuwa wadudu wa kuangamizwa. Sisi wa mashariki tumekwisha kusikia watu wakiitwa wadudu, na tunajua kinachofuata.

Jambo moja lilimsumbua mpaka uzee. Orki, askari wa Melkor, walitoka wapi? Kama chuki haiumbi, basi walikuwa viumbe wa Mungu walioharibiwa. Na kama ni hivyo, je, wanaweza kuokolewa? Aliandika jibu, akalifuta, akaandika lingine. Alikufa tarehe 2 Septemba 1973 bila kulimaliza, na Christopher alipochapisha The Silmarillion mwaka 1977, karatasi za swali hilo zilikuwa bado zinapingana.