Bok de Korver, Mchezaji wa Katikati

Katika inchi ya Uholanzi, jirani ya Ubelgiji, kuna mji mkubwa wa bandari, jina lake Rotterdam. Bok de Korver alizaliwa tarehe 27 Januari 1883. Kwa Kiholanzi neno Bok ni mbuzi dume. Ndilo jina alilopangwa na watu.

Bok alicheza mpira katika chama cha Sparta cha Rotterdam. Siku zile wachezaji wa Uholanzi hawakulipwa mshahara. Mbele ya mlinda lango walisimama watu wawili nyuma, watatu katikati na watano mbele. Bok alikuwa katikati kabisa. Kazi zake zilikuwa mbili: kuwazuia adui wasipite, na kuwapa mpira wenzake wa mbele.

Tarehe 30 Aprili 1905 kikosi cha Uholanzi kilicheza na inchi nyingine mara ya kwanza. Kilikwenda Antwerpen, katika Ubelgiji, na Bok alikuwamo. Wakati ulipokwisha, kila upande ulikuwa na bao moja. Wakaongeza muda, na Waholanzi wakashinda mabao 4 kwa 1.

Mwaka 1908 Bok alikwenda London kwa michezo ya Olimpiki. Tarehe 22 Oktoba Waingereza waliwashinda Waholanzi mabao 4 bila kitu. Tumaini la kupata dhahabu likaisha. Lakini kesho yake tu Waholanzi walirudi uwanjani. Wakawashinda watu wa Uswidi mabao 2 bila kitu, wakapewa medali ya shaba.

Mwaka 1912, katika mji wa Stockholm, mambo yakawa vilevile. Watu wa Denmark waliwashinda mabao 4 kwa 1. Baada ya siku mbili Waholanzi waliingia tena, wakawatilia watu wa Finland mabao 9. Bok akapata medali ya pili ya shaba. Dhahabu hakuipata kamwe.

Alichezea inchi yake mara 31, hata mwaka 1913. Alikufa tarehe 22 Oktoba 1957, mwenye miaka 74.

Watoto, kushindwa si haya. Haya ni kukaa chini na kununa, wakati wenzako wanakungoja uwanjani.

Maulizo
1. Kazi mbili za Bok zilikuwa zipi?
2. Waholanzi walifanya nini baada ya kushindwa na Waingereza?
3. Wewe ukishindwa katika mchezo, unafanya nini?