Daktari Hector P. García, Mtumishi wa Watu Wake

Safari hii tunawaletea habari za daktari mmoja wa Texas, huko Marekani. Jina lake ni Hector P. García. Alikuwa askari, akawa tabibu, tena baba wa nyumba. Tumemchagua kwa sababu sifa zake zilienea kwa jambo ambalo sote twalifahamu, yaani haki ya wafiwa kumlilia na kumzika mtu wao kwa heshima.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1914 katika mji wa Llera, nchini Meksiko. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Nchi ilipochafuka kwa mapinduzi, jamaa hiyo ilikimbia mwaka 1917, wakavuka mpaka na kukaa Mercedes, Texas. Huko baba aliacha ualimu akafanya biashara ya duka. Hata hivyo hakuacha kufundisha nyumbani, naye aliwasukuma watoto wake wasome udaktari. Juhudi yake haikupotea bure, maana sita kati yao walikuwa madaktari. Hector alimaliza masomo yake ya udaktari huko Galveston mwaka 1940.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alijitolea kuingia jeshini. Kwanza aliwekwa katika askari wa miguu, kisha kwa wahandisi, na mwishowe akapewa kazi yake mwenyewe ya kutibu. Alitumika Afrika ya Kaskazini na Italia, akapata cheo cha meja na nishani ya Nyota ya Shaba. Huko Italia alimpata Wanda Fusillo, binti msomi wa Napoli, wakafunga ndoa mwaka 1945.

Mwaka 1946 alifungua zahanati yake mjini Corpus Christi. Waliokuja kwake walikuwa hasa watu wa asili ya Meksiko, wengi wao vibarua wa mashamba. Asiye na fedha alitibiwa vivyo hivyo. Lakini daktari aliona kwamba dawa peke yake haitoshi. Kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza watu katika vibanda vyao, na watoto wao walitengwa katika shule duni. Askari waliopigana pamoja naye walikuwa wakihangaika kupata vitanda vya hospitali na posho waliyostahili. Basi tarehe 26 Machi 1948 aliwakusanya mamia ya askari hao, wakaanzisha chama kiitwacho American G.I. Forum.

Chama hakijatimiza mwaka, likatokea jambo la Felix Longoria. Kijana huyo wa mji wa Three Rivers aliuawa vitani nchini Ufilipino mwaka 1945. Mabaki yake yaliporudishwa, mjane wake aliomba jamaa wakutane kumlilia katika nyumba ya maziko mjini kwao. Mwenye nyumba alikataa, kwa sababu Wazungu wa mji wasingependezwa. Mjane alikuwa na makiwa yake, na sasa akaongezewa fedheha.

Habari zilipomfikia daktari, alimpigia simu mwenye nyumba yule amsihi, asifaulu. Ndipo akapeleka simu za maandishi kwa viongozi wengi. Seneta Lyndon B. Johnson akajibu upesi, na tarehe 16 Februari 1949 Longoria alizikwa kwa heshima zote za kijeshi huko Arlington, katika makaburi ya mashujaa wa taifa. Tangu hapo nchi nzima ikajua jina la chama kile.

Daktari hakupumzika. Wakati ule mtu wa Texas hakuweza kupiga kura bila kulipa kodi ya kichwa, yaani dola 1 na senti 75. Kwa kibarua mwenye watoto, hiyo ilikuwa fedha nyingi. Chama kikazunguka kuwahimiza watu walipe, wapate sauti. Mwaka 1954, katika kesi ya Hernandez iliyosaidiwa na chama hicho, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa ni kosa kuwazuia watu wa asili ya Meksiko wasikae katika baraza la raia wanaoamua kesi. Mwaka 1967 daktari alitumwa katika ujumbe wa nchi yake kwenye Umoja wa Mataifa, akahutubia huko kwa Kihispania, lugha ya wazazi wake. Mwaka 1984 Rais Reagan alimvika Nishani ya Uhuru.

Katika miaka hiyo yote hakufunga zahanati. Nyumbani kwake pia msiba ulipiga hodi, kwani yeye na Wanda walimpoteza mtoto wao wa pekee wa kiume katika ajali. Wakabaki na mabinti watatu, naye akaendelea kuwaganga watoto wa wenzake. Aliaga dunia tarehe 26 Julai 1996 huko Corpus Christi, akiwa na umri wa miaka 82.

Tukiyapima maisha haya, twaona kwamba hakuanza kwa kutafuta ukubwa. Alianza na mgonjwa mmoja asiye na kitanda, na mjane mmoja asiye na mahali pa kumlilia mumewe. Hakuwaambia kuwa hayo si kazi ya daktari. Alisimama nao, akauliza sababu, na jibu alilopata akalifuata hadi mwisho.